Ciakuthii Anunua Kompyuta

Hebu niambie, wewe ukitaka kununua kitu usichokijua, unakipima kwa nini? Kwa macho? Kwa bei? Au unakiinua kwa mkono na kusema, hiki ni kizito, kwa hiyo ni kizuri?

Ciakuthii alipima kwa mkono. Usimcheke. Mkono wake ulikuwa na sababu.

Ciakuthii alikuwa mkulima wa majani chai kule Kibugu, juu kabisa, karibu na msitu wa mlima. Asubuhi alivaa buti za mpira, akajifunga karatasi ya nailoni kiunoni umande usimloweshe, akaingia shambani na mumewe, Njuki. Walichuma majani mawili na kichipukizi, majani mawili na kichipukizi, mpaka saa tano. Kisha walibeba mzigo hadi kituo cha kununulia majani. Kabla karani hajatundika gunia kwenye mizani, Ciakuthii aliliinua kidogo tu, akasema, "Kumi na mbili na nusu." Mizani nayo ikasema kumi na mbili na nusu. Wanawake kwenye foleni wakacheka. Walisema karani angekaa nyumbani alee kuku, Ciakuthii afanye kazi yake.

Mchana alikuwa na kazi ya pili. Alioga, akabadilisha kitambaa cha kichwa, akaenda kukaa sokoni kwenye baraza ya duka la binamu ya Njuki. Mbele yake palikuwa na mashine ya taipu. Kuchapa alifundishwa na masista wa misheni alipokuwa msichana. Alichapa barua za watu, kumbukumbu za vikao vya kanisa, na ratiba za mazishi. Zaidi ya yote, alichapa mitihani ya shule ya msingi. Kwa miaka kumi na minne, hakuna swali hata moja lililotoka mdomoni mwake kabla ya siku yake. Watoto wa jirani walimletea ndizi mbivu na kumuuliza kwa upole kama hesabu zitakuwa ngumu. Alikula ndizi, akanyamaza.

Lakini ile taipu ilikuwa imezeeka. Herufi r ilikuwa imekatika, naye aliijaza kwa kalamu, moja moja. Utepe wa wino haukupatikana tena Embu, wala Meru.

Siku moja ya Novemba, mwaka 2017, Mwalimu Mbogo alifika pale barazani. Yeye ndiye aliyekuwa mwalimu mkuu wa shule. Alivuta kiti lakini hakukikalia.

"Mama Njura," alisema, maana kila mtu alimwita kwa jina la binti yake. "Karatasi za stensili unazochapia mitihani zimeisha. Nimetafuta mpaka nimechoka. Kamati imesema mitihani ya Januari ichapwe kwa kompyuta, iwe na picha na ramani. Mashine mpya ya kutoa nakala tunayo shuleni. Ya kuchapia hatuna."

"Kwa hiyo mtapeleka wapi?"

"Mjini, tusipopata mtu hapa. Na huko mjini mitihani huvuja kama ndoo ya zamani. Mimi ningependa ubaki nayo wewe. Tarehe nane Januari nitapita hapa. Nikikuta una kompyuta na unaijua, kazi ni yako. Nisipokuta, sitakuwa na la kufanya."

Ciakuthii alielewa vizuri. Barua sasa watu waliziandika kwa simu. Mitihani ikienda mjini, baraza ingebaki ya mbuzi ambao binamu aliwafunga pale.

Jioni alimweleza Njuki walipokuwa wakimenya viazi.

"Bonasi ya majani imetoka," alisema. "Fungu langu ni shilingi elfu ishirini na tano. Hakuna nyingine mpaka mwaka ujao. Nikinunua kitu kibaya, nimemaliza."

"Basi tununue kubwa," Njuki alisema. "Mgeni akiingia aone kwamba hapa kuna kitu."

"Tunamnunulia mgeni?"

"Mgeni ndiye anayesema huko nje."

Siku ya Jumatano walishuka mjini Embu. Waliingia duka moja lenye kompyuta zilizotumika ng'ambo na kuletwa Kenya. Nyingine zilikuwa masanduku makubwa, marefu kama kreti ya soda iliyosimamishwa. Nyingine zilikuwa ndogo. Moja ilikuwa ndogo kiasi kwamba Njuki aliuliza kama ni redio.

"Karibuni wazazi," alisema muuzaji. "Mnataka kompyuta ya nini?"

"Ya kazi," Njuki alijibu haraka.

Ciakuthii alisogea mezani. Aliinua ile ndogo kwa mkono mmoja. Ilikuwa nyepesi kama kitabu cha nyimbo. Akairudisha mezani.

"Hii ni ganda," alimnong'oneza Njuki. "Ndani hamna kitu."

Kisha akainua sanduku kubwa. Mgongo ukasikia. Alitikisa kichwa kwa kuridhika.

"Kilo kumi na moja," alisema.

Muuzaji aliona. Muuzaji haoni nini? "Mama anajua vitu," alisema. "Hiyo imejaa kweli. Elfu ishirini na nne, pamoja na skrini. Ile ndogo ni ya watu wanaoanza."

Ciakuthii alianza kufungua fundo la leso alimoweka pesa. Wakati huohuo taa za duka zikazimika. Umeme ulikuwa umepotea mtaa mzima.

"Utarudi sasa hivi," muuzaji alisema. "Lipeni tu, mkiiwasha nyumbani mtaona."

Njuki alikuwa mtu wa kupenda makubwa, lakini hakuwa mjinga. "Mimi hata tochi sinunui bila kuiwasha," alisema. "Tuandikie karatasi, utuambie hii ina nini. Tutarudi."

Muuzaji akaandika. Ciakuthii akafunga fundo lake tena.

Jirani yao mmoja aliitwa Kathambi. Alizaliwa Muthara, kule Tigania upande wa Meru, akaolewa Kibugu. Kazi yake ilikuwa kutengeneza kompyuta za maofisi, na sebuleni kwake mlikuwa na waya nyingi kuliko viti. Jumamosi mchana Ciakuthii na Njuki walimpelekea ile karatasi.

Kathambi aliisoma, akaiweka chini. "Mama Njura, kabla sijasema lolote. Unataka kufanya nini na hii kompyuta?"

"Kazi," Njuki alisema.

"Sijakuuliza wewe, Baba Njura."

"Mtu wa Meru akikuuliza swali," Njuki alisema, "ujue anataka kukuuzia kitu."

"Na mtu wa Embu akijibu, ujue hakusikia swali."

Njuki alicheka mpaka akakohoa. Ciakuthii aliangalia mikono yake.

"Ni ile kazi ya mwalimu," alisema polepole. "Kuchapa mitihani. Kuweka picha na ramani. Kuipeleka shule ikatolewe nakala."

"Hiyo tu?"

"Na barua. Na ratiba za mazishi, zenye picha ya marehemu."

"Sinema? Michezo?"

"Nitacheza saa ngapi?"

"Vizuri. Sasa tunajua tunachotafuta." Kathambi aliwamiminia chai na kuwawekea sahani ya viazi. "Kompyuta ni kama jikoni. Ndani kuna mpishi. Huyo wanamwita prosesa. Mpishi akiwa mzee sana, chakula kinachelewa. Kuna meza ya kufanyia kazi. Hiyo wanaita RAM. Meza ikiwa ndogo, huwezi kukata mboga na kuchambua maharagwe pamoja. Halafu kuna ghala la kuwekea vitu. Hilo ni diski."

"Na hiyo ya kwenye karatasi?"

"Mpishi wake ana miaka kumi na moja. Meza ni giga mbili, na leo hiyo haitoshi. Tafuta giga nne, ukipata nane ni bora zaidi. Ghala ndiyo, ni kubwa sana."

"Si ndiyo vizuri?" Njuki aliuliza.

"Mna magunia mangapi ya kuweka? Mitihani ya miaka yote kumi na minne haiwezi kujaza kona moja ya ghala dogo. Na hilo kubwa ni la zamani, lina sahani inayozunguka ndani. Linatoa kitu polepole, na likigongwa linaumia. Tafuta diski ya SSD, hata kama ni ndogo. Haina kitu kinachozunguka. Unabonyeza, kompyuta imewaka."

Ciakuthii hakuridhika. "Lakini Kathambi, ile kubwa ni nzito. Niliinua mwenyewe."

Kathambi hakubishana naye. Aliingia chumbani akatoka na sanduku kubwa kama lile la dukani. Alifungua skrubu nne na kuondoa ubavu wake. Ciakuthii akainama kuchungulia. Aliona bati nene. Aliona feni, waya, na kipande cha chuma kizito cha kugawa umeme. Katikati palikuwa patupu kabisa. Kuku angeingia akatage.

"Mvua ikinyesha asubuhi," Kathambi alisema, "gunia lako la majani huwaje?"

"Hupanda. Hata kilo mbili zaidi."

"Na karani hufanya nini?"

"Hukata kilo za maji."

"Kwa nini?"

Ciakuthii alisogea karibu. Akatazama tena ndani ya lile sanduku. Akaweka mkono wake pale patupu, akaugeuza huku na huku.

"Kwa sababu maji si chai," alisema.

"Ndivyo hivyo. Na hili bati si kompyuta. Ndogo ni nyepesi kwa sababu wamepunguza bati na hewa. Mpishi yumo, meza imo, ghala limo. Tena sanduku kubwa linakula tokeni za umeme mnazonunua, mara tatu au nne zaidi ya ndogo."

Njuki aliposikia tokeni, aliacha kulipenda lile kubwa.

"Na kwa nini asinunue laptopu?" aliuliza. "Naona vijana wanazo."

"Ni nzuri kwa mtu wa kutembea. Ina betri yake, umeme ukipotea haizimiki. Lakini kwa pesa hizo atapata iliyochoka. Na kibodi yake ikiharibika, ni gharama. Mama Njura anakaa mahali pamoja. Kibodi ya mezani ikiharibika, ananunua nyingine kwa mia saba na kuchomeka mwenyewe. Umeme ukipotea, atapoteza tu kile ambacho hakukihifadhi. Kwa hiyo, kila ukimaliza swali moja, hifadhi. Usingoje ukurasa uishe."

Kisha Kathambi akakaa upande wa pili wa meza, akavaa miwani ya mumewe na kukunja uso. "Mimi ni muuzaji," alisema. "Mama, unataka kompyuta ya nini?"

"Ee, ni hivi, ile kazi..."

"Hapana. Mnunuzi asiyesema anachotaka huuziwa anachotaka muuzaji. Anza tena."

Walifanya hivyo mara sita. Kila mara Njuki alitaka kujibu, na kila mara alizibwa mdomo kwa kipande cha kiazi.

Tangu siku hiyo Ciakuthii alienda kwa Kathambi kila jioni kujifunza. Vidole vyake vilijua herufi zote, kwa kuwa zimepangwa kama za taipu. Kilichomsumbua ni mausi, kile kidude cha kusogezea mshale. Ilimkimbia mezani kama kifaranga. Baada ya wiki mbili ilitulia. Akajua kuhifadhi, kuweka picha, na kunakili kazi kwenye flashi, kile kijiti cha kubebea kazi.

Wiki ya kabla ya Krismasi walirudi mjini. Kathambi alikuwa kazini, hakuweza kwenda nao. Umeme ulikuwapo.

"Mama wa ile kubwa," alisema muuzaji. "Nimekuwekea kabisa."

"Muwekee mwingine," Ciakuthii alisema. "Mimi nachapa mitihani ya shule. Naweka picha na ramani. Nahifadhi kwa flashi. Nataka ndogo. Prosesa isiwe na umri wa zaidi ya miaka mitano. RAM giga nne au zaidi. Diski ya SSD. Skrini, kibodi, mausi na nyaya zote. Na waranti ya miezi sita, ikiharibika niirudishe, iandikwe kwenye risiti."

Muuzaji alimtazama, kisha akamtazama Njuki.

"Usiniangalie mimi," Njuki alisema. "Mimi nimekuja kubeba."

Muuzaji alitoa ndogo mbili kutoka rafu ya nyuma. Alisema bei, pamoja na skrini: elfu kumi na tisa. Ciakuthii alisema elfu kumi na saba. Wakakutana kwa kumi na nane.

"Niiwashie kwanza," alisema.

Kompyuta ikawaka. Ciakuthii alihesabu kwa sauti ndogo, akafika kumi na nane tu, skrini ikawa tayari. Akaomba kiti. Akafungua ukurasa mtupu na kuanza kuchapa swali la kwanza la sayansi lililomjia kichwani, kisha la pili, kisha la tatu. Vidole vyote kumi vilifanya kazi, na macho hayakushuka kwenye kibodi hata mara moja. Masista walikuwa wakali sana kwa jambo hilo. Mteja mmoja aliyekuwa akinunua chaja akageuka. Mwingine akasogea. Muuzaji mwenyewe alichapa kwa vidole viwili maisha yake yote, na sasa alisimama akiwa ameshika mausi mkononi kama mtu aliyesahau anakoipeleka.

"Mama," alisema, "umesomea wapi?"

"Barazani," Ciakuthii alijibu. "Nipe flashi."

Alijaribu tundu la kwanza la flashi, likasoma. La pili likasoma. La tatu halikusoma. Akageuza flashi, akajaribu tena. Kimya.

"Hilo moja si kitu," muuzaji alisema. "Yako mengine."

"Nalipia matundu yote, au nalipia mengine?"

Wateja wakacheka. Muuzaji naye akacheka, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya. Akaleta ile ndogo ya pili. Ciakuthii akarudia yote tangu mwanzo: kuwasha, kuhesabu, kuchapa, kila tundu. Yote yakafanya kazi. Akauliza programu zilizomo kama ni halali. Muuzaji akakiri kwamba ya kuandikia ilikuwa ya kuiba. Ciakuthii akaomba iondolewe na kuwekwa ile ya bure aliyofundishwa na Kathambi, maana ya wizi huleta virusi na kufungika ghafla. Hapo tu ndipo alipofungua fundo. Alisoma risiti mara mbili kabla ya kuikunja.

Njuki aliibeba kompyuta ndani ya kikapu cha sokoni. Njia nzima alikutana na watu anaowajua, na wote akawaambia, "Aliikataa ya kwanza. Tundu moja tu."

Nyumbani kulitokea kosa moja dogo. Ciakuthii alikuwa na vitambaa vya kufuma, kama kila mama wa huku. Redio ilikuwa na chake, na kila kiti kilikuwa na chake. Basi na kompyuta ikapata chake, cheupe chenye maua ya waridi, kikaifunika mpaka chini. Baada ya saa moja feni ilianza kulia kama nyuki. Kathambi alipopita akakivua.

"Hapa pembeni ndipo inapopumulia," alisema. "Utaifunika ikishazimwa, vumbi lisiingie. Ikiwa inafanya kazi, iache uchi."

"Mbele ya wageni?" Njuki aliuliza.

"Mbele ya wageni."

Tarehe nane Januari kompyuta ilikuwa imehamia barazani, na Mwalimu Mbogo alifika saa nane mchana akiwa na karatasi za mwandiko wa walimu chini ya kwapa. Alisimama nyuma ya Ciakuthii. Alimpa karatasi ya kwanza. Ciakuthii alichapa mtihani wa jiografia, akaweka ramani ya Kenya mahali pake, akaandika namba kwenye mito na milima. Alipofika swali la ishirini na moja, umeme ulipotea. Skrini ikawa nyeusi.

Mwalimu alivuta pumzi. "Basi. Imekwenda yote."

"Tungoje kidogo," Ciakuthii alisema. Alimpa njugu.

Umeme ulirudi baada ya robo saa. Ciakuthii aliwasha, akafungua. Maswali yote ishirini yalikuwapo, na ramani, na mito. Lililopotea ni neno moja la swali la ishirini na moja. Akalichapa tena.

Mwalimu alichukua flashi akaenda shule. Saa kumi alirudi na nakala, na kalamu nyekundu sikioni. Alikaa safari hii. Alipitia kurasa zote kutafuta kosa, mstari kwa mstari, kidole kikitembea. Alipomaliza, alifunga kalamu. Haikugusa karatasi hata mara moja.

"Zinasomeka vizuri kuliko za mjini," alisema. "Na hata herufi r zimo." Akasimama na kumpa mkono. "Kazi ni yako, Mama Njura. Ya mwaka mzima."

Kufikia Machi shule mbili za jirani zilikuwa zimeleta mitihani yao pia. Wanawake wa kanisa walileta kumbukumbu zao. Watu waliotaka kununua kompyuta nao walianza kuja, na Ciakuthii aliwauliza swali moja kabla ya mengine yote, "Unataka kufanya nini nayo?" Binamu alihamisha mbuzi, akampa baraza yote.

Njuki aliona kwamba kazi hiyo inahitaji kibao. Alipata ubao mzuri, akaupiga randa mpaka ukang'aa, akaupaka rangi nyeupe. Asubuhi moja aliusimamisha ukutani, brashi mkononi, kopo la rangi nyeusi miguuni.

"Nimefikiria," alisema. "'Njuki na Wanawe, Wachapaji.'"

"Wana gani? Tuna Njura peke yake."

"Ni vile tu inavyosikika." Alikuna kichwa. "Basi 'Kwa Mama Njura.' Watu wote wanakujua hivyo. Au unataka kitu kingine? Sema, rangi inakauka."

Ciakuthii aliacha kuchapa. Alihifadhi kwanza. Kisha alitoka nje, akasimama mbele ya ule ubao mweupe.

"Andika Ciakuthii," alisema. "Miaka kumi na minne nimechapa majina ya watu hapa. Sasa nataka langu."